Siku Sita Zenye Mstari Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa hapa Garissa hakunipa hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja uani, kwenye sanduku jeupe lililosimama juu ya miguu minne, kuta zake za vibao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. "Joto linapimwa kivulini," aliniambia. "Ukipima juani, umepima jua." Alikuwa mtu wa Nyeri, mfupi, asiye na mzaha. Mimi nilikuwa kijana wa Elwak niliyemaliza shule juzi, na tayari nilijiona ofisa.

Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili. Cha chini kilishika baridi ya usiku. Cha juu kilikuwa cha zebaki chenye shingo nyembamba: zebaki ikishapanda hairudi mpaka ukikung'ute kwa mkono. Kila asubuhi saa tatu nilisoma vyote viwili, nikaandika daftarini, kisha nikakikung'uta cha juu kianze upya. Wenzangu walinicheka kwamba serikali imeniajiri kuchungulia sanduku.

Wakati huo vita vya shifta, waasi waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, vilikuwa vimepamba moto, na Msomali kama mimi mwenye karatasi za namba alitiliwa shaka. Asubuhi moja, Mkuu akiwa Nairobi kikazi, askari walinisimamisha njiani wakafungua kijitabu changu cha mfukoni.

"Hizi namba unampelekea nani?"

"Ni ya joto, afande. Joto na mvua tu, wallahi."

"Tangu lini joto likaandikwa?"

Walinifungia siku sita. Mimi hawakunipiga, lakini niliwaona waliopigwa. Walipothibitisha kwamba mimi ni mtu wa serikali wakaniachia, nikaenda mbio ofisini na hofu moja tu: Mkuu akikuta mapengo ataniuliza nilikuwa wapi, na nikitaja kwamba nilifungiwa kazi imekwisha. Nikaketi, nikajaza namba za siku zote sita kwa kukisia. Zilipendeza. Naona aibu hadi leo jinsi zilivyopendeza.

Wino haujakauka, msafara wa malori ya jeshi uliomleta Mkuu ukafika. Alisoma daftari, akatoka kwenda sandukuni, akarudi polepole.

"Kipimajoto cha juu hakijakung'utwa," alisema. "Kimeshika joto kupita siku yoyote uliyoandika hapa. Ilikuwa siku ipi hiyo?"

Nilimweleza yote nikitazama sakafu.

"Kwa nini hukuacha wazi?"

"Niliogopa, Bwana Mkuu."

"Pengo naweza kulieleza Nairobi. Uongo wako atakuja kuueleza nani?"

Akanipa kalamu nyekundu. Nilipiga mstari mmoja juu ya kila siku, maandishi yabaki yakisomeka, nikaandika "hakuna kipimo" na kutia sahihi mara sita. Kisha akaenda mwenyewe kwa kamanda kunitafutia barua ya kupita. Sikufukuzwa. Kuanzia siku hiyo sikuandika namba ambayo jicho langu halikuiona, hata nilipohamishiwa Wajir, hata niliporudishwa hapa nikiwa mkuu, mpaka nikastaafu.

Nawaeleza vijana haya kwa sababu madaftari yale sasa yana kazi kubwa kuliko tuliyoiwazia. Halima, binti wa mtaa wa Waberi hapa mjini aliyesomea hali ya hewa, ameyalinganisha na ya vituo vingine vingi, maana kituo kimoja hakitoshi kuisemea dunia. Yanakubaliana: usiku haupoi kama zamani. Sababu yake haina uganga. Mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa viwandani na magarini yanajaza angani hewa ya ukaa, na misitu ambayo ingeinyonya inafyekwa. Hewa hiyo hulizuia joto la ardhi lisitoke, kama blanketi. Wachomaji wakubwa wako mbali na hapa. Sisi tunaona ukame ukirudi kabla mifugo haijanona, kisha mvua inamwagika kwa mkupuo na Mto Tana unafurika. Jambo hilo linaniudhi, na silifichi.

Mwezi uliopita Halima aliyapeleka madaftari hayo kwenye mkutano wa wafugaji. Walitakiwa kuamua kama wachimbe mabwawa mapya sasa au wangoje mwaka mwingine. Haji Noor, mfanyabiashara wa ng'ombe anayesikilizwa na wote, alitaka wangoje.

"Garissa ni joto tangu babu," alisema. "Hii namba watu walikaa ofisini wakaandika. Nani alikuwa anapima joto wakati wa shifta?"

Halima alinitazama. Alikuwa ameiona ile mistari, na hakuwahi kuniuliza. Nikasimama.

"Mimi, Haji. Na siku sita niliandika uongo."

Nilimfungulia ukurasa, nikamwonyesha mistari na sahihi zangu, nikamwambia namba zilizobaki nilizisoma kwa macho haya. Haji Noor alivaa miwani, akazikagua zile sita moja moja. Kisha akafunua ukurasa uliofuata, akavuta kiti, akaanza kusoma.