Filamu Niliyopewa Niikataze

Kwa miezi miwili binti yangu alinisemesha kwa Kiswahili tu. Kwetu, mtaani Waberi, nyumbani ni Kisomali. Kiswahili ni cha ofisini, shuleni, na cha askari wa vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo kila aliponiambia, "Habari ya asubuhi, mzee, chai iko mezani," nilijua nimefukuzwa nyumbani mwangu bila kuinuka kitini.

Kosa langu lilikuwa uenyekiti. Niliongoza kamati ya wazazi ya shule yake ya wasichana, na kamati yetu ilikuwa hodari wa jambo moja: kukataza. Tulikataza maigizo. Tulikataza safari ya kwenda kuona twiga, kwa hoja kwamba twiga tunawaona bure barabarani. Kisha chama cha filamu, ambacho binti yangu alikuwa katibu wake, kikaomba kuonyesha filamu siku ya kufunga shule: msichana wa miaka kumi na sita aliye jasusi. Kamati ikaamua filamu ikatazwe na chama kivunjwe kabisa, nami nikapewa kuandika barua. Niliiandika vizuri sana. Nilipungukiwa na kitu kimoja tu, dhambi ya kutaja. Basi Jumamosi baada ya adhuhuri nikamwomba binti yangu anionyeshe hiyo filamu kwenye kompyuta, nipate dhambi mbili tatu za kujazia aya ya pili.

Alikaa mbali, karibu na mlango, kama analinda mfungwa. Mimi nilishika kalamu.

Msichana aliruka kuta na kubadili majina kama anayebadili shungi. Niliguna. Jasusi gani huyu! Kwetu angeshuka Modogashe kunywa chai, na kabla sukari haijayeyuka angeulizwa yeye ni wa nani. Mtoto wa kwetu huhifadhi jina la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka kumi, mpaka kumi na tano. Hicho ndicho kitambulisho. Kile cha serikali ni cha kuonyesha polisi. Jina bandia halivuki babu wa pili.

Kumbe mtunzi wa filamu alilijua hilo. Msichana akafika duka la mpakani, mahali pa vumbi ambapo ungeapa ni Elwak, maadui wakimfuata. Bibi mwenye duka hakuitazama pasi yake. Alimwuliza, "Baba yako nani? Na baba yake?" Msichana ana pasi tano, jibu hana. Mwishowe akataja jina la kweli la baba yake, marehemu, ambalo tangu filamu ianze hakuna aliyelitamka. Bibi akamficha nyuma ya magunia ya sukari.

Nikaweka kalamu chini. Niliona haya, kisha haya zikaniisha. Ilikuwa filamu nzuri, wallahi, na mimi nilikuwa nimekuja kuichinja.

Binti yangu akaisimamisha. "Aabo," akaniita baba, tena kwa Kisomali, "mimi najua baba zako kumi na tano. Wewe unajua somo ninalolipenda?"

Nilisema hesabu. Akatikisa kichwa. Nikasema biolojia. Akaiwasha tena filamu, na hilo liliniuma kuliko miezi miwili ya Kiswahili.

Jumatatu kamati ilikutana, kwa Kiswahili kwa sababu ya mwalimu mkuu, mgeni wa sehemu hizi. Nilisema wasichana waruhusiwe, kwani filamu nimeitazama na haina baya. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mifugo, akaegemea bakora yake, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Umetazama? Yote?"

"Yote."

"Mwenyekiti, sisi tulituma wewe kubiga marufuku. Kutazama, nani alituma?"

Niliwasimulia habari za bibi wa dukani. Walisikiliza kwa makini, kisha wakataka kujua bibi huyo ni wa ukoo gani. Nikasema filamu haikutaja, na hilo lilinimaliza. Filamu ikakatazwa, chama kikavunjwa, nami nikavuliwa uenyekiti. Mwenyekiti mpya aliahidi mbele ya wote kwamba hatatazama kitu chochote.

Nilirudi nyumbani nikiogopa, mtu mzima mimi. Nilimkuta binti yangu jikoni akichemsha maziwa. Nilimwambia chama chake hakipo tena, nilijaribu nikashindwa.

"Nimesikia," akasema. "Pole, Aabo."

Nikaketi juu ya jerikeni, mahali ambapo sijawahi kuketi tangu nijenge nyumba ile. "Lile swali lako limenishinda," nikamwambia. "Nijibu wewe."

Aliepua maziwa. Kisha akasema ni historia, akaniambia kwa nini, akaendelea mpaka mambo anayoyaogopa na mji anaotaka kwenda kusoma, ulio mbali kuliko nilivyowahi kumruhusu. Nilimsikiliza mpaka adhana ya magharibi, na sikukataza neno hata moja.