Pazia la Bibi wa Marumaru

Mwaka 1968 Maskati ilikuwa haina skuli ya serikali ya wasichana, na kwa hivyo haikuwa na haja na Nasriya, aliyekuwa mwalimu wa uchoraji Unguja. Alifundisha kwake, baada ya alasiri, wasichana wanne. Wazazi walijua wanajifunza kusoma na kushona. Kushona kulikuwepo kidogo.

Alikuwa na kitabu kimoja cha sanaa ya Ulaya, na ndani yake karatasi aliyoipenda kuliko zote. Upande mmoja bibi amechorwa kwa rangi, kavaa nguo nyeupe nyembamba; upande wa pili picha ya bibi mwengine, wa marumaru. Wote wa zama zile Wazungu walipoamua kwamba hakuna aliyewahi kujua kuvaa isipokuwa Wayunani wa kale. Nasriya akiigeuza karatasi huku na huku. Mchoraji, akawaambia wasichana, amekuchagulieni pa kusimama, katia wekundu mashavuni na uhai machoni. Mchongaji hana rangi. Ana mwanga tu, na sanamu yake mtu ataizunguka mpaka kisogoni.

Hind, mwanafunzi wake hodari, akayasimulia nyumbani. Siku ya pili hakuja. Alikuja mama yake, Mahbuba.

Mahbuba alikunywa kahawa, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akasema Hind harudi. Picha ya rangi haimkeri. Lakini sanamu ni kitu chenye kivuli, na chenye kivuli dini imekataza kuwekwa nyumbani.

Nasriya akamwambia hii nayo ni karatasi tu.

"Na hiki?" Mahbuba akaweka kidole chini ya kidevu cha jiwe. Kivuli kilikuwepo kweli. Mpiga picha alikuwa fundi. "Ichane."

Kuichana ni kuwapoteza mabibi wote wawili. Kutoichana ni kumpoteza Hind, na wale watatu wangemfuata, maana mama zao walimsikiliza Mahbuba. Nasriya akauliza kama kuisitiri kungetosha.

Mahbuba akafikiri. "Nipe kitambaa na gundi. Wewe mkono wako wa kukata naujua."

Akapima kwa vidole, akamtazama yule bibi wa marumaru zaidi kuliko kipimo kilivyotaka.

"Wa rangi anataka tumsifu," alisema. "Huyu hataki kitu kwa mtu. Kafiwa na nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Kisiseme. Mie nnamuona."

Mahbuba alikuwa amemzika mumewe Unguja mwaka sitini na nne, akapanda meli kamshika Hind mkono, na Maskati hakuna aliyemsikia akilitaja hilo. Akakata kitambaa, akakibandika. Kilimfunika bibi kuanzia mabegani kwenda chini. Uso ulibaki wazi, na kivuli chake chote. Nasriya aliliona hilo, akamuongeza kahawa.

Jumamosi Hind alirudi. Mama yake alikuja nyuma yake, kuangalia, alisema, kama pazia halijabanduka.