Kamba ya Kiatu Kwenye Matete

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba majani yale yamekaa vibaya. Ninalikiri mwenyewe, kwa sababu watu wananisifu kwa picha zangu na hawajui.

Mimi ni kijana wa mtaa wa Kikula. Kupiga picha nilijifunza peke yangu, kwa simu, nikirudia picha moja mpaka macho yananiuma. Ikiwa na doa dogo tu, silali.

Mwaka huo baba alikuwa amefariki, na mama aliacha kutoka nyumbani. Sokoni hakwenda, kanisani hakwenda. Likizo ilipofika nikamwomba twende kwa dada yake mkubwa, upande wa Koni, tukaangalie ndege wa mto Lufira. Nilishangaa alipokubali.

Karibu na ukingo, ndani ya matete, tuliona kiota cha korongo. Jua lilikuwa kali. Yule ndege alitandaza mabawa akawafunika makinda wake watatu, akabaki vile vile, mdomo wazi kwa joto.

“Angalia, papa,” mama akasema. Ndivyo alivyozoea kuniita kwa upendo, yaani baba. “Eko anabafichia jua. Yeye mwenyewe anaungua.”

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mazishi.

Ilifaa niishie hapo. Lakini matete machache yalipita mbele ya kichwa cha ndege, yakaniharibia picha. Nikaingia majini, nikayavuta pembeni, nikayafunga kwa kamba ya kiatu changu. Korongo akaruka. Tukangoja, hakurudi, na mwanga ukafifia. Nikawaza: nikiiacha kamba, kesho asubuhi nitapata picha safi.

“Uliachilia ile majani?” mama akaniuliza njiani.

“Ndiyo, mama.”

Wakati wa kula ugali, mama mkubwa akaona kiatu changu. “Ee, fotografe! Kiatu yako iko na njaa? Tumupatie bukari?”

Tulicheka. Nikasema kamba ilikatika. Mama alikitazama kile kiatu, kisha akainamia sahani yake. Bado ningeweza kutoka na kwenda kuifungua. Nilifikiria ile picha, nikabaki nimekaa.

Asubuhi mama alitangulia. Kiota kilikuwa wazi kama sahani juu ya meza. Kinda mmoja alikuwa amekufa. Wengine hawakuwepo, yalibaki manyoya tu, na mwewe alikuwa anazunguka juu yetu.

Mama akapandisha kikwembe alichojifunga kiunoni, akaingia majini mpaka magotini. Alifungua fundo polepole. Matete yakarudi mahali pake, yakakifunika kiota. Akaniwekea kamba mkononi, ikiwa imelowa.

“Weye ulisema uliachilia.”

Hakuniita papa. Mpaka leo nikifumba macho ninayaona yale mabawa yametandazwa, na chini yake hakuna kitu.

Ninyi mnaokwenda kuangalia wanyama na simu mkononi, jani liacheni mlipolikuta. Na mkiulizwa, semeni kweli wakati bado kuna nafasi ya kurudi. Mimi nilikuwa nayo, nikaketi nikala.

Siku hizi ninaangalia ndege kwa mbali, mikono mitupu. Mama ameanza tena kwenda sokoni na kanisani. Lakini jioni nikimwambia nimefunga mlango, anainuka kwenda kuuangalia mwenyewe.