Ndama wa Chuma Aliyeazimwa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka naacha ninachofanya, hata kama ndizi ziko nusu zimemenywa na sufuria imeshachemka. Kipande chake umewahi kukisikia nikikisema mbele za watu, lakini yote sijakusimulia. Jana umekuja kuniambia umepata kazi ya kuwatembeza wageni wanaokuja kuona Bweranyange, pale palipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, na kwamba wewe ndiye utakayekuwa mkalimani wao. Umesema kwa furaha, nami nikafurahi pamoja nawe, kisha nikaingiwa na hofu. Vuta kigoda ukae. Mimi nami niliwahi kuwa mkalimani, kwa siku moja tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza angali akitawala. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, nafundisha watoto kusoma katika shule ya misheni kule Kituntu. Wasichana waliosoma walikuwa wachache, na mimi sikutaka mtu yeyote asahau kuwa ni mmoja wao. Nilivaa viatu hata nikienda shambani. Mama yangu alikuwa akinitazama na kusema, "Binti yangu, siku hizi hata migomba inakupisha njia." Nilidhani ananisifu.

Basi akaja misheni mgeni mmoja, mama wa Kizungu, mwembamba, mpole, mwenye daftari. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Homa ilikuwa ikimtetemesha huku anaandika, na kila aliyempa maji alimshukuru. Alikuwa akizunguka nchi kutafuta vitu vya kale, na alitaka kwenda Bweranyange na mtu wa kumfasiria Kinyambo. Akanichagua mimi. Akaniambia nina akili kuliko wote aliokutana nao safarini, na kwamba kazi ikienda vizuri ataniandikia barua ya sifa nipelekwe chuo cha ualimu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi, mwanangu, nilitia ndoo nzima.

Gari la misheni lilituacha barabarani tukapanda kwa miguu, na mpagazi mmoja nyuma yetu amebeba mizigo ya mgeni. Bweranyange ya wakati ule ilikuwa vichaka, migomba na kimya. Mgeni alitembea polepole, akiniuliza hapa palikuwa na nini, na pale palikuwa na nini, nami nikijibu lolote lililonijia, maana sikujua na sikutaka aone kwamba sijui. Nilichokijua ni kimoja. Watu walikuwa wameniambia kwamba kwa mjane fulani wa ukoo wa wahunzi, wale waliokuwa wakiwafulia wafalme chuma, kuna ndama wa chuma aliyetengenezwa zamani sana. Nilikuwa nimeshamwahidi mgeni kuwa nitamwonyesha.

Yule mjane nitamwita Mukaaka, yaani bibi kwa Kinyambo. Jina lake wewe unalijua.

Tulimkuta ametandaza kahawa juani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo, Mukaaka." Kinyambo nilikiweka pembeni makusudi, ili ajue kuwa mimi ni mtu wa shule. Akaitikia marahaba akicheka kidogo, akatukaribisha ndani, kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sakafuni, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Unaijua desturi. Mwenyeji hutangulia kutia punje mdomoni, ndipo mgeni huchukua. Na ukishaitafuna umekwisha kusema, bila kutamka neno, kwamba katika nyumba ile hutafanya ubaya wala hutafanyiwa. Mgeni alichukua punje moja akaiweka ndani ya daftari lake. Mimi nilichukua tatu nikatafuna.

Nikamwambia Mukaaka mgeni anaomba kumwona ndama. Akainuka akaenda nyuma ya pazia la magome ya mti, akarudi na kitu kimefungwa katika ngozi. Alipokifungua, mgeni alishika kifua. Ndama alikuwa mdogo, wa kukaa kwenye viganja viwili, mgongo umelainika kwa kuguswa miaka na miaka. Mukaaka akaeleza, nami nikafasiri. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina mpaka mkono wake uwekwe juu ya mgongo wa ndama yule. Wakati wa Mjerumani walikuja askari kutafuta vitu vya wafalme. Mumewe akamfukia ndama chini ya mgomba, akapigwa mpaka jino likamtoka, na hakusema.

Mgeni alikuwa na machozi. Akaniambia, "Mwambie nitampeleka kwetu, akawekwe mahali salama ambapo watu wa dunia nzima watamwona. Mwambie nitamwachia blanketi hili."

Mwanangu, nilielewa vizuri kabisa. Nilijua ndama akienda hatarudi. Nilijua pia kwamba nikiyafasiri maneno yale kama yalivyo, Mukaaka atamfunga ndama wake katika ngozi na sisi tutateremka mikono mitupu, na barua yangu ya sifa itakuwa imeishia pale. Nikajiambia kuwa ni chuma tu. Nikajiambia kuwa sisi Wakristo hatuhitaji mambo yale, kana kwamba Mungu ndiye aliyenituma kusema uongo. Nikafungua mdomo uliokuwa bado una kahawa ya Mukaaka, nikasema kwa Kinyambo safi, "Mukaaka, mgeni anaomba kumwazima. Atamrudisha kahawa ikiiva."

Akanitazama. "Wewe ndiye unayesema atarudi?"

"Mimi, Mukaaka."

"Mtoto wetu akisema atarudi, basi atarudi."

Akamtoa kwa mikono miwili. Mgeni akamfunga kwa pamba, akamlaza katika kasha la mbao, na mpagazi akapigilia misumari palepale uani. Mukaaka alisimama mlangoni akaangalia mpaka msumari wa mwisho. Mimi nilitangulia kuteremka.

Barua ya sifa niliipata. Chuoni nikaenda, nikarudi na cheti. Kila mtu Kituntu alinipongeza, na ningeweza kukaa hivyo maisha yangu yote kama si kahawa. Msimu wa kwanza wa kahawa tangu nirudi ulipofika, mtu aliyetoka Bweranyange kwenda hospitali alipita kwangu akaniachia kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mna kahawa ya kutafuna, kiasi cha kujaa kiganja. Hakuna salamu wala ujumbe. Nikawapa majirani. Msimu wa pili kikaja tena, nikakitupa shimoni. Msimu wa tatu nilikificha juu ya kabati, na kila nilipoingia chumbani niliona aibu mbele ya kifurushi, mimi mtu mzima, mwalimu. Msimu wa nne sikungoja. Nilivua viatu vyangu, nikaondoka kwa miguu.

Nilimkuta amekaa mlangoni na mjukuu mchanga mapajani. Nilipiga magoti, sasa nikamwamkia kwa Kinyambo, nikamwambia yote. Kwamba mgeni hakusema kuazima. Kwamba neno lile lilikuwa langu mimi.

"Najua," alisema.

"Tangu lini, Mukaaka?"

"Tangu siku ile. Kitu cha kuazima hakipigiliwi misumari."

Nililia. Nikamuuliza kwa nini basi alimwachia ndama aondoke. Akatikisa kichwa, akanijibu taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Ulikuwa na kahawa yangu mdomoni. Ningekuitaje mwongo katika nyumba yangu, nawe unaitafuna? Ningekuwa mimi niliyevunja agano la kahawa. Nikaona nikuachie mwenyewe." Halafu akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo. "Mjerumani alikuja na bunduki hakumpata. Wewe ulikuja na shikamoo."

Nyuma yake, kwenye kigogo, niliona blanketi la mgeni. Lilikuwa limekunjwa vilevile kama lilivyoachwa. Mtoto aliyekuwa mapajani alikuwa amefunikwa kwa kanga iliyochanika.

Nilimwambia nitamwandikia mgeni, na kweli niliandika, mara tatu. Jibu lilikuja moja, la heshima sana, likisema kuwa ndama yuko salama ndani ya kabati la kioo. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Mukaaka hakuniomba barua. Aliniomba kitu kigumu zaidi.

"Huyu mtoto hana jina," alisema. "Kesho ukoo utakusanyika. Tutauweka mkono wake juu ya mkeka mtupu, mahali pa ndama. Watu watauliza ndama yuko wapi. Utawaambia wewe. Na kila mtoto atakayezaliwa katika nyumba hii, utakuja uwaambie, mpaka siku utakayokufa."

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya wazee wa wahunzi, nikasema. Mmoja alitema mate. Mwingine alitoka nje. Dada mmoja tuliyesoma naye alijifunika uso, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilipomaliza, Mukaaka akatia punje ya kahawa mdomoni mwake, kisha akanisogezea kikapu. Nilishindwa kunyoosha mkono. Akaniambia, "Chukua. Sasa unaweza."

Mukaaka alifariki kabla ya Uhuru. Mimi sikuacha kwenda. Nimekwenda kwa miguu, nimekwenda kwa baiskeli ya kupakiwa, na juzijuzi kwa pikipiki nikiwa nimefumba macho kwa woga. Vijana wengine wamenichoka. Husema, "Yule bibi wa ndama amekuja na hadithi yake, nyama itapoa." Wana haki, nyama hupoa kweli. Nami naisimulia hata hivyo.

Na wewe, mwanangu, nilikuja siku yako. Ulikuwa umekunja ngumi, hutaki kuifungua, mama yako akakunyoosha vidole kimoja kimoja. Mkono wako uliwekwa juu ya mkeka mtupu, na mimi ndiye niliyesema kwa nini ni mtupu.

Sasa unakwenda kusimama mahali nilipokuwa nimesimama, mgeni upande huu na mwenyeji upande huu, na kila mmoja akikuamini kwa kuwa hana njia nyingine. Wageni wapokee vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini neno walilokupa lifikishe kama lilivyo, hata kama litakuharibia siku, hata kama litakunyima barua. Usilolijua, sema hulijui. Ukila cha mtu, mlinde. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole hupona baada ya wiki, na mimi ulimi wangu una zaidi ya miaka arobaini haujapona. Na ukikosa, kwa kuwa nawe ni binadamu utakosa, usingoje misimu minne. Vua viatu uende.

Huenda siku moja mgeni mmoja atakuambia amemwona ndama wa chuma huko kwao, ndani ya kioo. Mwambie ndama huyo ana watu wake, wana mikono, na mahali pake pako wazi.

Mungu akupe ulimi ulionyooka na miguu isiyoona aibu kurudi ilikokosea. Akuzidishie wageni wema na wazee wa kukukemea. Lete kiganja chako, na usikikunje kama ile siku. Chukua kahawa hii. Mimi nimeshatangulia kutafuna.