Kugawa Pembe, Kugawa Shamba

Mama alipofariki alituachia, mimi na mdogo wangu wa kike, shamba moja la mpunga kule Usevya, lenye umbo la pembetatu. Mimi naishi Mpanda mjini, na mpunga naujua ukishakuwa wali. Yeye ndiye anayelima, na watoto wake wanne wanakula humo. Hata hivyo mjomba wetu alitaka msomi ndiye agawe, nami sikubisha. Hisabati niliyosoma chuo kikuu ilikuwa haijapata kazi hadi siku hiyo.

Kwetu shamba hugawanywa kuanzia kwenye kichuguu cha mpakani, na chetu kiko konani, njia ya ng'ombe inapokutana na mfereji. Nikapima hatua kumi kufuata njia ya ng'ombe na hatua kumi kufuata mfereji, nikafunga kamba kati ya vituo hivyo, kisha nikanyoosha mstari kutoka konani, kupitia katikati ya kamba, hadi upande wa tatu, nikachomeka kigingi hapo. Pembe ilikatika nusu kwa nusu. Sehemu ya mfereji, yenye maji, nikampa yeye, nikajiona mkarimu.

"Maneno yamekwisha," mjomba alisema.

Mdogo wangu akavua kandambili, akatembea ule upande wa tatu akihesabu. "Kaka, kwako hatua sitini. Kwangu arobaini."

"Haiwezekani. Pembe ziko sawa."

"Kwani mimi napanda mpunga kwenye pembe?"

Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Msomi, jibu hilo."

Nikapima tena. Njia ya ng'ombe, hatua mia na ishirini; mfereji, themanini. Ndipo nikakumbuka kanuni niliyowahi kuithibitisha kwenye mtihani na kupata alama zote: mstari unaogawa pembe nusu kwa nusu huukata upande wa tatu kwa uwiano wa zile pande mbili nyingine. Mia na ishirini kwa themanini, sitini kwa arobaini. Nilikuwa nimemdhulumu mdogo wangu kwa usahihi mkubwa.

Nikahamishia kigingi kwenye hatua ya hamsini. Mjomba akakunja uso. "Sasa mstari umelalia upande mmoja. Watu watasema mlikuwa mmelewa."

"Waache waseme, mjomba. Vitako sawa, kimo kimoja, eneo sawa." Safari hii nilikuwa na uhakika, na nilikuwa sahihi pia, mambo hayo mawili kwangu hayaji pamoja kila mara.

Mdogo wangu hakungoja maelezo. Alishashika jembe na kuanza kuinua tuta la mpaka, kabla msomi hajakumbuka kanuni nyingine.