Wiki Tata Alipomfungua Mrusi

Nikifungua lenzi kuukuu mezani kwangu, kinachonipokea kwanza ni harufu: grisi iliyokauka, nzito, kama mafuta ya cherehani yaliyosahauliwa juani. Papo hapo huwa nimerudi kijijini kwetu Sironga, msichana wa darasa la tatu, nimechuchumaa kando ya baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata.

Tata alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilitengenezwa enzi za Wasovieti, chuma kitupu, nasi tuliiita Mrusi. Ukichungulia ulimwona mtu mara mbili, mmoja dhahiri na mwingine kama kivuli. Ulizungusha lenzi taratibu mpaka wawili wawe mmoja, ndipo ubofye. Asubuhi za baridi lenzi ilikataa kuzunguka, na Tata aliipasha moto kwapani kama mgonjwa anayepimwa homa. Tulicheka kila mara.

Lakini mganga hajigangi. Tata alikuwa amepiga picha za harusi hadi Keroka, ilhali mama yake mzazi, Magokoro wetu, hakuwa na picha hata moja ya maana. Jumatatu ya wiki ile, hospitali ilipomrudisha nyumbani, amekonda mno, Tata aliapa kumpiga picha nzuri. Badala ya kupiga, akaifungua lenzi. Eti grisi imeganda.

Alitandaza skrubu na pete za shaba kwenye sinia. Magokoro alimtazama kutoka kiti chake uani.

"Unatengeneza kamera ama unachinja kuku?"

"Ngoja kidogo tu, mama. Nataka utoke vizuri."

"Mimi nangoja. Kwani naenda wapi?"

Kuosha kulikuwa rahisi. Kurudisha ndiko kulikomshinda. Thredi ya lenzi ile, yaani mifereji yake ya kukazia, si kama ya kifuniko cha chupa. Ina milango mingi ya kuingilia, na ulio sahihi ni mmoja tu. Tata hakuwa ameweka alama. Alibahatisha, akakaza, akaweka karatasi ya siagi mahali pa filamu ili taswira itue hapo, akaniita nione: Magokoro kichwa chini miguu juu, uso wake ukungu mtupu, na migomba iliyo nyuma yake imetoka safi, kila jani na mpasuko wake. Akafungua tena. Siku zikapita hivyo, naye akazidi kuwa mkali kwa kila mtu ila mama yake.

Ijumaa jua likatua. Sisi ni Wasabato; tangu hapo hadi jua la Jumamosi litue, hakuna kazi. Tata aliweka bisibisi chini, akafunika sinia kwa kitambaa.

Na Sabato hiyo Magokoro akaamka na nguvu. Alikunywa uji wote, akaomba kilemba chake cha kanisani, akaketi kwenye jua laini la asubuhi akitaniana na wapita njia. Sijawahi kumwona mzuri vile. Tata alimtazama, akatazama sinia, akatazama mikono yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilipoinua pembe ya kitambaa, Magokoro mwenyewe ndiye aliyenikemea.

"Wacha hiyo, mtoto. Leo ni Sabato."

Jumapili alfajiri alifariki.

Siku chache baada ya mazishi, thredi ilishika kwa jaribio moja tu, bila hata kulazimishwa. Tata alihitaji mtu wa kujaribia, akaniketisha kwenye kiti kile kile. Picha hiyo ninayo. Nimenuna, macho yamevimba, na unaweza kuona kila kope.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Angepiga tu Jumatatu! Siku hizi mimi mwenyewe hurekebisha lenzi za aina ile, na najua kwamba yake haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa ngumu kidogo wakati wa baridi, kama zote. Hospitali ilikuwa imemwambia ampeleke mama yake nyumbani, kwamba hakuna zaidi la kufanya, na katika boma lile lote lenzi ndiyo kitu pekee ambacho Tata angeweza kukifungua na kutafuta kilichoharibika.