Kanda za Kosmas

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile tulipowasha moto nje ya studio, Dar es Salaam.

Tulikuwa vijana wanne kutoka Songea, na muziki wetu haukuwa na jina: gita la umeme juu ya ngoma za lizombe, mchezo wa kwetu Wangoni, wimbo unakatika ghafla, mtu anaongea Kingoni kama yuko shambani. Wengi walituita vichaa. Rafiki yangu Kosmas ndiye aliyeimba na kupiga ngoma. Ngoma ya ngozi haipigwi kabla ya kuota moto, kwa hiyo tulikusanya vijiti tukawasha uani.

Mlinzi akaja mbio. "Nyie, mnapika nini hapa?"

"Tunapika ngoma, mzee," Kosmas akajibu. "Ikiiva tutakuonjesha."

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Kila wimbo ulipofika katikati ngozi ilikuwa imelegea, na mlio umeshuka. Tuliposikiliza, mimi kiongozi wa bendi nikasema nyimbo hazifai, tutarudia.

"Ziache," Kosmas alisema. "Ndivyo ngoma inavyolia. Au unatuonea aibu?"

Nilirudi Songea na kanda mbili, nikazifungia kwenye sanduku la bati. Kila aliponiuliza nilimwambia tutarudia. Bendi ikafa, akaenda kulima mahindi Madaba, akaacha kuuliza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuliungama hata kwa padri. Ngoma ile haikuwa na kasoro. Kule kushuka kwake ndiko kulikokuwa na utamu, na studio nzima ilimtazama Kosmas. Hakuna aliyenitazama mimi na gita langu jipya. Niliona wivu.

Mwaka huu tumemzika. Siku ya kuanua matanga mkewe, Dorothea, alinifuata mbele ya watu.

"Shemeji, mimi niliolewa naye ameshaacha muziki. Sijawahi kumsikia akiimba. Zile kanda zipo?"

"Zipo. Ila hazijakamilika."

"Na yeye alikamilika? Zilete."

Nilizipeleka kwa fundi. Moja ilikuwa imeota ukungu. Ilikatika alipoigusa tu. Nyimbo zile nimeziua mimi. Ya pili ikaimba. Dorothea alisikiliza nyimbo tano, amekaa kwenye mkeka nyumbani kwangu Mjimwema, Songea. "Kumbe alikuwa na kasauti kembamba hivi!" akasema. Akacheka, kisha akalia.

Sasa nazunguka na nyimbo hizo. Redio moja wameniambia ni za ajabu mno. Jumatatu nitarudi palepale. Fundi amejitolea kuirekebisha ngoma isishuke. Nimekataa. Zitatoka zilivyo, na jina la Kosmas litatangulia langu.

Mwanangu, kazi mliyoifanya wengi usiifungie peke yako. Ukijisikia kusema bado haijawa nzuri, jiulize kwanza kama unailinda kazi au unajilinda mwenyewe. Mimi nilijilinda, na nilichopata ni sanduku lenye ukungu. Kama mwenzako yu hai, usingoje matanga. Mpelekee leo, asikie kwa masikio yake.

Mungu akupe wenzako wanaokupita kipaji, na akupe moyo wa kuwapigia makofi wakiwa bado wanayasikia.